Paipu ya Hewa Niliyoiziba kwa Mtungi

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilipofungua boneti ya gari langu nyuma ya nyumba yetu kule Kesses nikakuta paipu ya kuvuta hewa imepasuka. Nakuambia mapema, mwanangu, ili usikae ukisubiri kucheka: haya ni masimulizi ya woga. Nimestaafu, meno mawili yameshaniaga, lakini hadi leo nikisikia injini ikinguruma kupita kiasi pale barabarani, viganja vyangu hutoka jasho.

Juzi nimekuona umeinama juu ya gari lako kuukuu, simu umeiegemeza kwenye kioo, unatazama video ya mtu anayeziba paipu kama ile. Nilirudi ndani nikakaa, na nikaona ni heri nikuandikie, maana nikianza kusema mbele ya wenzako utaona nakuaibisha.

Gari langu lilikuwa dogo, la Kijapani, la otomatiki, limeshapitia mikono ya watu wengi kabla ya kufika kwangu. Nililipenda kupita kiasi. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na walimu wenye gari tulikuwa wawili tu, mimi na mkuu wa shule. Basi nikajiona mtu. Kwa wiki mbili gari lilikuwa likikohoa nikilianzisha, likishtuka njiani na kunywa mafuta. Siku hiyo nikaona sababu. Paipu ile, ya plastiki nyeusi, nene kama mkono wa mtoto, ndiyo inayotoa hewa kwenye sanduku la chujio na kuipeleka ndani ya injini. Upande wake wa chini, pale inapopita juu ya ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa imekauka na kukunjamana, halafu ikafanya ufa wa urefu wa kidole. Joto lilikuwa limeila.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza: joto hili limetoka wapi, na mbona miaka yote paipu haikuungua? Mimi sikujiuliza. Mimi nilifikiria mama yangu.

Kwetu, mwanangu, mtungi wa plastiki haukutupwa. Ukitoboka, mama alikata kipande kwenye mtungi mwingine uliokwisha kazi, akaweka kisu kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akayeyusha kile kipande juu ya tundu na kukisugua kwa mgongo wa kijiko. Ukijaza maji, hata tone halikudondoka. Majirani walimletea yao. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kijiko, na kazi hiyo niliijua vizuri kuliko kazi nyingine yoyote ya mikono. Kwa hiyo nilipoona ufa kwenye paipu nikajiambia, hii ni kazi ya nyumbani kabisa, fundi wa nini?

Nikawasha jiko. Nikatafuta mtungi wa manjano, nikaupata nyuma ya jikoni, nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye ubavu wake. Nikakiyeyusha juu ya ufa, nikasugua, nikaongeza kingine kwa ndani ili kiwe na nguvu. Kilipopoa nikakigonga kwa kidole kikasikika kigumu. Nikarudisha paipu mahali pake, nikawasha gari, na gari likatulia. Halikukohoa hata mara moja. Nilizunguka lile gari huku nikipiga mluzi.

Mimi, mwalimu wa sayansi, niliyekuwa nimetoka juzi tu kuwafundisha watoto wa darasa la tano kwamba plastiki huyeyuka ikipata joto! Ukitaka kucheka, cheka hapo tu.

Jerono, mke wangu, alitoka ndani akanikuta nikinawa mikono. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Na lazima nikuambie hili ndipo uelewe woga wake na wangu: mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na tangu hii ya pili iingie alitembea kama mtu aliyebeba mayai kwenye kitambaa. Kila kitu alikiuliza mara mbili. Jumatatu alitakiwa kliniki mjini Eldoret.

"Mwalimu, gari imekuwaje?" akaniuliza.

"Imepona."

"Umepeleka kwa fundi?"

Nikamtazama. Nilijua nikisema nimetengeneza mwenyewe atakataa kupanda, tena atanipeleka mbio kwa makanika wa sokoni, na ule ujanja wangu wote utakuwa bure. Nikasema, "Nimepeleka." Akaitikia kwa kichwa, akaushika mgongo wake, akarudi ndani. Aliniamini. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu, na haukunikosesha usingizi.

Jumatatu tuliondoka saa tano hivi. Jerono alikaa mbele karibu nami, mkoba wa kliniki mapajani, leso begani. Kulikuwa na jua kali na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni pande zote mbili. Hatukuwa tumeenda mbali alipoinua pua.

"Unasikia harufu?"

Nilikuwa nimeisikia kabla yake. Ilikuwa harufu ya mtungi kwenye makaa, harufu ya jikoni kwa mama. Nikamwambia, "Ni watu wanachoma takataka huko shambani."

Akatazama mashambani. Hapakuwa na moshi. Akafunga kioo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, mwanangu. Nimerudi kwenye sehemu hiyo ya barabara kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudi kwenye siku ya harusi yangu. Palikuwa na nafasi nzuri pembeni, pana, yenye nyasi. Ningesimama pale, ningefungua boneti, ningemwambia ukweli, angenigombeza, yakaisha. Lakini nikaona aibu ya kusimama ni kubwa kuliko hatari ya kuendelea. Nikakanyaga mafuta kupanda kilima.

Gari lilipanda vizuri. Tulipofika juu nikatoa mguu.

Gari halikupunguza mwendo.

Nilidhani nimekosea, nikatazama chini kuona kama mguu umetoka kweli. Ulikuwa umetoka. Injini ilikuwa ikinguruma kana kwamba mtu mwingine ameketi chini akikanyaga kwa niaba yangu. Mbele yetu barabara ilikuwa inateremka, na chini kabisa palikuwa na shule. Nilijua ile shule. Nilijua saa ile watoto wadogo hutoka.

Nikakanyaga breki. Gari likasita kidogo, likavuta tena. Nikaachilia nikakanyaga tena, na tena, na kila nikikanyaga ile breki ilizidi kuwa ngumu, mpaka ikawa kama nakanyaga jiwe. Niliona matuta, niliona kibao cha shule, niliona sare za buluu zimeanza kuvuka. Nikapiga honi. Akili ilikuwa imeganda, sikujua lingine la kufanya ila kushikilia usukani na kukanyaga lile jiwe. Sikuita hata jina la Mungu.

"Simamisha!" Jerono alisema. "Mwalimu, watoto! Simamisha gari!"

"Haisimami!"

Hajawahi kuendesha gari, wala wakati ule hakuwa na haja nalo. Lakini alikuwa ameniona mara nyingi nikitoa gia ninapoegesha. Alinyoosha mkono juu ya lile tumbo lake, akaishika gia, akaisukuma mbele kwa nguvu zake zote. Injini ikapiga kelele ya ajabu, kelele ambayo sijaisikia tena, lakini gari likaachana nayo. Hapo ile breki ngumu ikaanza kufanya kazi. Tukaruka tuta la kwanza, kichwa changu kikagonga paa, Jerono akapiga yowe na kukumbatia tumbo. Tukapanda la pili polepole. Nikazima gari. Tukasimama.

Watoto wengi walikuwa wamekimbia. Mmoja tu alikuwa amebaki katikati ya barabara, msichana wa kama miaka sita, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Kati yake na gari palikuwa na hatua nne. Hakulia wala hakukimbia. Alinitazama, akatazama kikombe chake kama anahakikisha uji haujamwagika, kisha mwalimu wake akaja akambeba.

Nikageuka kwa Jerono. Uso wake ulikuwa umepauka, mikono yote miwili iko tumboni. Nikamuuliza anaumwa wapi. Alikuwa anasikiliza mtoto ndani, na uso wake ulinionyesha hamsikii.

Nyuma yetu lilisimama lori la kubeba mchanga. Akashuka mzee mrefu mwembamba, kofia nyeupe kichwani, ndevu amezipaka hina. Alikuwa Msomali mwenye malori mawili pale mjini, jina lake Mzee Adan, ingawa siku hiyo sikumjua. Alikwenda kwanza upande wa Jerono, akainama dirishani, akamwambia, "Mama, kaa hivyo hivyo, pumua pole pole." Kisha akaja kwangu, akafungua boneti bila kuniomba ruhusa.

Alifunga kitambaa mkononi, akachomoa paipu. Kiraka changu kilikuwa kimelegea kama ugali wa moto. Kile kipande cha ndani kilikuwa kimevutwa na hewa hadi kwenye injini, kikaingia katika kile kilango kidogo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kikakizuia kisifungike. Mzee alikivuta kwa koleo. Kikatoka kirefu, cha manjano, kinanuka.

Jerono alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika mlango.

"Nani alifunga hii?" Mzee aliuliza.

Nitakuambia kweli yote. Hata pale nilifungua mdomo niseme ni fundi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Jerono alikuwa akikitazama kile kipande kwenye koleo.

"Huo ni mtungi wangu wa maji," akasema.

Alisema taratibu tu, kama mtu anayetambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeogopa sana kwenye ule mteremko, lakini macho yale niliyaogopa zaidi. Nikasema, "Ni mimi. Nilifunga mwenyewe."

Mzee Adan hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichungulia chini, juu ya ekzosi, akapapasa.

"Hapa kulikuwa na bati," akasema. "Bati ya kuzuia moto. Iko wapi?"

Ikanijia. Miezi mitatu nyuma bati lile lilikuwa limelegea, likawa linapiga kelele tang'a tang'a kila nikiwasha gari. Nikalifungua nikalitoa, na kelele zikaisha. Nilikuwa nimelipigilia kwenye mlango wa banda la kuku.

Nilipomwambia liko kwenye banda la kuku, alifumba macho kidogo.

"Sikiza, kijana. Plastiki ya kwanza ilitoka kiwandani, ilikuwa ngumu, na moto ikaichoma. Sasa wewe umeweka ya mtungi, laini zaidi, mahali pale pale, na moto bado iko. Ulifikiri itaogopa wewe? Kabla ya kufunga kitu, uliza kwanza nani ameivunja. Na mama huyu," akamwonyesha Jerono kwa kidevu, "ulimwambia anapanda nini?"

Akaniambia nikae na gari langu lipoe. Yeye akamsaidia Jerono kupanda kwenye lori, akaweka jaketi lake lililokunjwa mgongoni pake, na akampeleka mjini. Jerono hakugeuka kuniangalia.

Nilikaa pembeni ya barabara ile zaidi ya saa tatu. Wakati ule sikuwa na simu ya mkononi. Watoto walipita wakirudi madarasani, wakininyoshea vidole. Sikujua kama mtoto wangu yu hai. Nilikuwa nikijaribu kuomba, ninaanza vizuri, halafu nakumbuka uso wa Jerono akisikiliza tumbo na maneno yanakatika. Nilimwambia Mungu kwamba akimnusuru mtoto huyu sitasema uongo tena maishani, kisha nikaogopa hata hiyo ahadi, kwa sababu nilikuwa ninajijua.

Lori lilirudi alasiri. Jerono alishuka mwenyewe, polepole. "Moyo wake unapiga," akasema. Hilo tu. Nililia pale barabarani mbele ya mzee wa watu, nami sikuona haya.

Ukweli ni kwamba gari, baada ya Mzee kulivuta kwa lori hadi kwetu, nililitengeneza hapo hapo nyumbani, mwenyewe. Mzee Adan hakunikataza kushika spana, alinionyesha tu namna ya kuishika. Nililibandua lile bati kwenye banda, nikalinyoosha, nikalirudisha juu ya ekzosi kwa boliti mpya. Nilitafuta paipu nzima kwenye magari mabovu kule mjini, nikaichungulia ndani nikiielekeza juani nione kama ina ufa, nikaifunga kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Niliendesha peke yangu siku nne, kilima kwa kilima, nikisimama kila mara kugusa paipu kwa mkono. Haikupata joto. Mzee alikuja kuikagua, akaridhika. Jerono aliketi kwenye kigoda mlangoni akitazama kila nilichofanya, akichambua mboga.

Wiki chache baadaye uchungu ulimshika, asubuhi, nikiwa nyumbani. Nilikimbia nikawasha gari. Liliwaka mara moja, likatulia vizuri kabisa. Nilirudi ndani kumshika mkono, nikakuta ameshamtuma mtu kwa jirani mwenye pikapu. Akapita mbele ya gari langu lililokuwa limefunguliwa mlango, akapanda pikapu na mama jirani.

"Wewe utufuate," akaniambia, bila hasira.

Nikawafuata. Kutoka Kesses hadi Eldoret niliendesha nyuma ya pikapu ile, kiti cha pembeni kitupu, nikiona kichwa chake kupitia kioo cha nyuma kikiinama kila uchungu ulipomjia. Mtu mwingine ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Gari langu halikuwa na kasoro hata moja siku hiyo.

Mtoto alizaliwa salama, mwanangu, na paipu nilipata nyingine kwa nusu siku. Lakini kiti kile cha Jerono kilikaa kitupu miaka miwili, na hakuna duka la spea lililoniuzia dawa yake.

Basi tengeneza gari lako, sikukatazi. Kijana anayeogopa kuchafua mikono atateseka mjini. Lakini ukikuta kitu kimeungua, usikimbilie kuziba. Tafuta kwanza moto ulikotokea, na mara nyingi utakuta ni wewe mwenyewe uliyetoa kinga yake ukiona inakusumbua kwa kelele. Usiweke kitu laini mahali palipokishinda kigumu. Ukisikia harufu, simama, hata kama walio nyuma yako watapiga honi na kukucheka. Jaribu kwa shingo yako kabla ya kujaribu kwa shingo ya mwingine. Na atakayepanda, mama yako, mke wako, hata mgeni wa njiani, akikuuliza nani alitengeneza, mwambie jina la kweli, hata likiwa lako, kisha umwache achague kupanda au kutembea.

Mungu akulinde kwenye miteremko, mwanangu. Akupe mikono yenye ustadi na ulimi usioogopa kusema "ni mimi." Na siku ile ya haja, utakapowasha gari na kufungua mlango, unayempenda apande bila kukuuliza.